Mafuta ya Wafiq na Pampu ya Mtaa wa Tini

Wafiq Shamaa alifanya kazi ya kuzibua mabomba ya maji machafu mjini Saida kwa muda mrefu hata akawa anaijua mikahawa yote ya mji, ila aliijua kwa chini. Watu wengine waliukumbuka mkahawa kwa samaki wake au kwa ukarimu wa mwenyewe. Wafiq aliukumbuka kwa bomba lake. Ule wa karibu na ngome ulikuwa na kona mbaya nyuma ya jiko. Ule wa soko la maseremala haukuwa na chujio, kila kitu kilikwenda na maji. Na kote alikokwenda alimkuta adui yule yule: mafuta ya kukaangia. Yalimwagwa yakiwa ya moto, yakapoa huko gizani, yakaganda meupe kama mche wa sabuni, yakashikamana na nywele na maganda ya vitunguu mpaka bomba likawa halipitishi kitu.

Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ndogo isiyofanana na kiwiliwili chake. Akirudi kazini alioga, akaoga tena, na bado mkewe Ibtihal alinusa shingo yake kabla ya kumpakulia chakula.

"Leo umetoka kwa Mgiriki," angesema. "Nasikia ngisi."

Ibtihal alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi. Nyumba yao ilikuwa chini ya ghorofa katika Mtaa wa Tini, bondeni nyuma ya soko kuukuu, na chumba cha mbele kilikuwa chake: cherehani, vitambaa, na magauni meupe yaliyoning'inia kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Majira fulani ya baridi mvua ilinyesha mfululizo, mabomba ya mtaa yakakataa, na maji machafu yakapanda kupitia sakafuni. Gauni lililokuwa tayari kuchukuliwa lililowa mpaka kiunoni. Ibtihal alilishika pindo, akalitazama lile tope la mafuta, akamgeukia mumewe.

"Abu Kinan," alisema taratibu, na alipotaja jina hilo, la mtoto wao wa kwanza, kwa upole namna hiyo, Wafiq alijua yamemfika. "Mji mzima unakwenda kuzibua wewe. Nyumba yako mwenyewe inazama kwa mafuta ya falafeli?"

Asubuhi yake Wafiq alikwenda dukani kwa Nadhmi, mkaanga falafeli wa juu kidogo ya barabara, aliyekuwa akichota bajia zake za dengu kutoka kwenye karai huku akipiga soga na nusu ya mtaa.

"Nadhmi, yale mafuta ukishayachosha usiyamwage tena. Nipe mimi."

"Ukayafanyie nini? Ukaange mayai?"

"Nitajua nikishayapata."

Nadhmi aliinamisha kichwa, akashusha sauti. "Kuna jamaa anapita kuyanunua, unamjua. Anayachuja, anayatia kwenye chupa mpya, anawauzia wasiojiweza wapikie. Mimi simpi, wallahi. Bora niyamwage."

"Kuliko kuyamwaga, nipe mimi."

"Haya, chukua. Lakini ukipata ugonjwa usinitaje."

Ndivyo ilivyoanza. Nadhmi aliwaambia wenzake, na wenzake wakafurahi kuondolewa taka mlangoni bure. Haikuchukua muda ua wa nyuma wa Wafiq ukajaa madebe ya mafuta meusi, na paka wa mtaa mzima wakahamia ukutani pake. Ibtihal alisema sasa ameletewa mkahawa mzima nyumbani, bila chakula.

Aliyeokoa mambo alikuwa Rudaina, binti wa marehemu kaka yake Wafiq, mwalimu wa kemia katika sekondari ya wasichana. Alikuja kula mlo wa mchana siku ya Ijumaa, akaona yale madebe, akacheka mpaka akashika mlango.

"Ami, wewe unajua una nini hapa?"

"Uchafu."

"Una dizeli. Haijajitambua tu."

Akamweleza huku akila mlenda wa mulukhiya: mafuta yachujwe, yapashwe moto hadi maji yote yatoke, kisha soda kali ile ya kutengenezea sabuni iyeyushwe kwenye spiriti, ichanganywe nayo kwa uangalifu, mbali na moto na mahali penye hewa, maana mvuke wake ni sumu. Baada ya hapo ni kusubiri. Kitu kizito kitazama chini, na chepesi kitabaki juu, na hicho chepesi kinachoma kama dizeli.

Jamaa wa Ibtihal aliwapa ghala tupu katikati ya shamba la michungwa. Jaribio la kwanza liliganda likawa kama uji wa jana. La pili likawa sabuni, na Ibtihal akaichukua bila kuuliza akafulia. Lakini lililofuata lilitulia vizuri: chini kitu cheusi kizito mfano wa asali ya tende, na juu mafuta mang'avu ya rangi ya chai. Wakayaosha kwa maji, wakayaacha mpaka maji yote yakatoka, wakayatia kwenye pikapu kuukuu ya Wafiq. Iliwaka. Moshi wake ulinukia duka la Nadhmi, na kila alipopita watu walisikia njaa.

"Abu Kinan, nipe mbili na kachumbari!" vijana walimpigia kelele kutoka vibarazani.

Yeye aliinua mkono tu, akapita.

Kazi ile ilikwenda hivyo, ya kujiendesha mwenyewe na marafiki wachache, hadi ulipofika ule mwaka dizeli ilipotoweka nchini. Magari yalipanga foleni usiku kucha mbele ya vituo vilivyofungwa, wenyewe wamelala ndani. Jenereta za mitaani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Umeme wa serikali ulikuja kama mgeni mwenye haraka, ukaondoka kabla hujamaliza kupiga pasi. Maji ya mji nayo yakakatika, kwa kuwa hakukuwa na cha kuyasukuma.

Mtaa wa Tini ulikuwa na bahati moja: kisima chake wenyewe, na pampu ya dizeli iliyopandisha maji mpaka matangi ya juu ya paa. Pampu ile ilitunzwa na Hajj Jawdat, mzee mwembamba aliyekula ujana wake katika vyumba vya injini za meli. Alikuwa mjane, hana mtoto, na mapenzi yake yote yaliishia kwenye ile injini. Aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa safi. Aliiita Bibi.

Tangi la Bibi lilipokaribia kukauka, Wafiq alimfuata.

"Hajj, mimi nina mafuta ghalani. Na spiriti bado ninayo ya kutosha, Rudaina aliiweka akiba tangu mambo yalipoanza kuharibika."

Hajj Jawdat hakumtazama hata. "Bibi hali falafeli."

"Pikapu yangu inakula tangu lini, na haijalalamika."

"Pikapu yako ni mbuzi. Hii ni injini."

Wafiq akarudi nyumbani. Hakuwa mtu wa kubishana. Pampu ikazimika, na joto la Agosti likaukalia mtaa. Watu walibeba ndoo kutoka baharini za kuoshea sakafu na vyombo. Maji ya kunywa yalitafutwa huku na huko kwa kubembelezana. Ghorofa ya tatu juu ya nyumba ya Wafiq aliishi Sabiha, aliyejifungua mapacha majuzi tu. Akawa anafua nepi zao kwa maji ya chumvi, na watoto wakatoka vipele mapajani, wakawa wanalia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwenzake anapokea.

Mwishowe Sabiha alishuka ngazi na watoto wote wawili mikononi, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha pampu, akasimama mbele ya Hajj Jawdat, akamfunulia mapaja yao.

"Bibi yako hali falafeli," alisema. "Hawa je, wale nini? Chumvi?"

Hajj Jawdat aliwatazama wale watoto. Akakunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Mwiteni mzibua vyoo," alisema.

Wafiq alileta mapipa kwa pikapu, na nusu ya mtaa ikakusanyika. Hajj Jawdat alitia kidole kwenye mafuta, akayanusa, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Nikwambie kabisa mbele ya watu," alisema. "Akifa, umemuua wewe."

"Hafi, Hajj."

"Nimesema. Umesikia?"

"Nimesikia."

Injini ilizungushwa, ikakohoa, ikashika. Tena ilinguruma laini kuliko zamani, na moshi wake ukawa mwepesi. Maji yalipanda. Kutoka juu ya mapaa zilisikika sauti za wanawake wakiitana, mabomba yakitema hewa na kutu kisha maji, ndoo zikigongana. Nadhmi alifunga duka mchana kweupe akaenda kuoga. Jioni hiyo watu walioonana walinukiana sabuni, na Wafiq alipopita, hakuna aliyeagiza mbili na kachumbari.

Kesho yake kabla ya adhuhuri, Bibi alikata.

Haikuwa kishindo. Injini ilipunguza sauti, ikarukaruka kama mtu aliyepaliwa, ikanyamaza. Wafiq alikuwa uani akichuja mafuta aliposikia ule ukimya. Aliuacha mpira ukimwagika, akatoka mbio akiwa na ndara moja mguuni.

Hajj Jawdat alikuwa amesimama mbele ya injini, mikono imening'inia.

"Umemuua," alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma Wafiq zaidi.

Watu walianza kufika. Mmoja akauliza kimetokea nini, mwingine akamjibu, na jibu likapanda ngazi kwa ngazi mpaka juu ya mapaa. Fundi wa kutengeneza injini ile angetoka wapi, na kwa vipuri vipi, nchi ikiwa katika hali ile? Bila Bibi hata dizeli ikipatikana kesho haitakuwa na pa kutiwa. Wafiq alijua hilo kama walivyolijua wote.

"Nilisema mimi," mtu alisema kutoka nyuma. "Mafuta ya chooni."

"Bora tungekaa na kiu kidogo kuliko kukaa nayo milele."

Wafiq alimpigia simu Rudaina, akamwambia aje. Kisha akaketi juu ya jiwe la mlango wa kibanda. Alimfikiria Kinan, aliyekuwa Abidjan na aliyekuwa akiwaomba kila wiki wafunge nyumba wamfuate. Labda ndiyo hivyo. Labda waondoke kimya kimya, maana mtaa aliozaliwa atawezaje kupita tena, kila mtoto mchafu akimwona ajue ni yeye? Alitazama kidole chake cha mguu kisicho na ndara, akatamani ardhi immeze.

Umati ulipasuka, Ibtihal akapita na sindano bado zimechomekwa kifuani mwa gauni lake. Aliketi ubavuni pa mumewe juu ya lile jiwe, bega kwa bega, akawatazama majirani.

"Nani hapa hakuoga jana?"

Waliokuwa mbele walirudi hatua moja nyuma.

"Nauliza. Ambaye hakuoga jana kwa maji ya mume wangu, huyo aendelee kutukana. Waliooga wazungumze kwa adabu."

Mtu mmoja alikohoa. Nadhmi alitazama viatu vyake. Wafiq hakuthubutu kumtazama mkewe, lakini bega lake lilikuwa limeegemea la kwake, na yeye akaliacha hapo hapo.

Rudaina alifika kwa miguu kutoka upande wa pili wa mji, uso mwekundu kwa jua, mtandio umelowa jasho. Hata maji hakuomba. Alisikiliza ilivyozimika, akauliza kama kulikuwa na kishindo au moshi mweusi, akaambiwa hapana.

"Hajj," alisema, "nakuomba utufungulie chujio la dizeli."

"Binti, mimi nilikuwa nafungua injini baba yako hajaoa."

"Ndiyo maana nakuomba wewe."

Hajj Jawdat alisita, akachukua spana. Chujio lilipotoka, lilikuwa limejaa kitu cheusi kinachonata, kama lami iliyochanganyika na mchanga. Watu wa mbele waliguna.

"Si hayo!" Hajj Jawdat aliliinua juu kila mtu aone. "Tazameni uchafu wake!"

Rudaina alichukua kidogo kwa kidole, akasugua, akanusa. Uso wake ukabadilika. Akajipiga paji la uso kwa kiganja.

"Si wake," alisema. "Na kosa ni langu, ilinipasa niwaonye. Sikilizeni. Dizeli ya siku zote huacha masizi na matope chini ya tangi, mwaka baada ya mwaka, yanaganda ukutani, hakuna anayeyaona. Haya mafuta yetu yanaosha. Yameingia kwenye tangi yakayabandua yote kwa mpigo, yote yakaja hapa yakaziba. Injini haina neno. Imenyimwa chakula tu, imeziba koo."

Wafiq aliinuka. Kwa mara ya kwanza tangu injini inyamaze alihisi damu ikimrudi usoni.

"Kama ukimwaga maji ya moto kwenye bomba la zamani," alisema. "Uchafu wote unaachia pamoja, unakwenda kukaba kwenye kona."

"Hivyo hivyo, ami."

Hajj Jawdat alilitazama chujio, akalitazama tangi lake alilokuwa akilifuta nje kila asubuhi. "Kwa hiyo mnasema Bibi alikuwa mchafu."

"Tangi, Hajj," Rudaina alisema haraka. "Ndani. Ambako hakuna awezaye kufikia."

Mzee alitafuna maneno hayo. Kisha akageuka akaenda zake bila kuaga, na watu wakafikiri amekasirika. Alirudi na kisanduku kilichofungwa kwa kitambaa cha hariri, na ndani yake mlikuwa na chujio jipya, halijaguswa, limepakwa grisi lisishike kutu.

"Hilo ulikuwa unalificha wapi?" Nadhmi aliuliza.

"Kabatini, na nguo za marehemu mke wangu. Una swali jingine?"

Walimimina mafuta yote kutoka kwenye tangi, wakayachuja kwa kitambaa cha gauni alicholeta Ibtihal, wakaingiza mikono ndani kwa zamu na matambara mpaka likatoka safi. Wafiq ndiye aliyelala chini kufika pembe za mwisho, kwani mkono wake ulikuwa umezoea mahali pa namna ile. Hajj Jawdat akafunga chujio jipya, akatoa hewa kwenye mirija, akafuta kila kitu. Akamkabidhi Wafiq mkono wa kuzungushia.

"Zungusha wewe."

"Mimi?"

"Wewe, ndiyo. Kama ni kufa, afie mikononi mwako."

Wafiq alizungusha. Hakuna kitu. Alizungusha tena, injini ikapiga chafya moja, ikanyamaza, na mtu huko nyuma akaanza kuomba Mungu kwa sauti. Wafiq alivuta pumzi, akaweka uzito wake wote mkononi.

Bibi aliamka.

Alitetemeka kidogo, akapata pumzi, akaanza kuimba ule mlio wake mmoja, na harufu ya dengu na bizari ya pilau ikajaa kibandani. Wafiq aliachia ule mkono wa chuma, akaegemea ukuta, na machozi yakamtoka bila yeye kujua wala kujali. Hajj Jawdat alikuwa ameweka kiganja juu ya injini kama mtu apimaye homa ya mtoto. Ndipo akasema, mgongo ukiwa bado umewaelekea watu:

"Sijapata kumsikia akipumua vizuri hivi."

Juu ya paa Sabiha alipiga kigelegele, na mwingine akampokea paa la pili, kikaenda hivyo mpaka mwisho wa mtaa. Yule aliyesema mafuta ya chooni alikuja akamshika Wafiq kichwa akambusu paji la uso. Wafiq alimpigapiga mgongoni. Hakuwa na hasira na mtu. Alichosikia ni wepesi tu, wepesi wa ajabu, kama mzigo wa simenti uliotuliwa na bega likawa bado halijaamini.

Injini ilikohoa tena siku chache baadaye, lakini safari hiyo hakuna aliyekimbia. Hajj Jawdat alifungua chujio, akaliosha, akalirudisha, akaendelea na kahawa yake. Baada ya hapo haikusumbua. Kiangazi chote mtaa ulichota maji kwa mafuta ya makarai ya mikahawa, na kina mama wakaanza kuleta hata mafuta yao ya nyumbani kwenye chupa za soda, wakiziacha mlangoni pa Wafiq. Hajj Jawdat ndiye aliyekuwa mkali kupita wote. Alisimama mlangoni kwa Nadhmi akisimamia karai.

"Usiyachome sana hayo! Bibi hapendi yaliyoungua!"

"Hajj, hizi ni falafeli za wateja."

"Wateja watangoja."

Siku hizi mtaa umewekewa paneli za jua, na Bibi huwashwa tu mawingu yakizidi. Wafiq hazibui tena mabomba. Mikahawa yenyewe inamwita aje achukue mafuta yake yaliyochoka, na ghala la michungwa lina wafanyakazi, akiwemo mume wa Sabiha. Kinan alikuja likizo mwaka jana na mke na watoto, akawakuta wazazi wake hawana habari tena ya kuhama. Alimwuliza mama yake kama ameizoea ile harufu. Ibtihal alikata uzi kwa meno.

"Harufu gani?" alisema. "Hebu sogea, unanizibia mwanga."